Siku Tisa za Mjomba

Jumapili, 2 Machi

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa pekee,

Nakutumia salamu nzito. Mwambie dereva wa gari la maji aziteremshe polepole, asije akavunja springi za gari. Mimi mzima. Nyonga inanisumbua kidogo, lakini hata simba huchechemea na bado anaitwa simba.

Habari kubwa huku ni kisima cha zahanati. Walikuja wataalamu na mashine yenye waya, wakapima siku mbili, wakasema hapa hakuna maji. Nikawaambia, "Wanangu, sogezeni huo mdude." Nikalala kifudifudi, nikaweka sikio chini, nikayasikia maji yanakohoa. Futi arobaini na mbili tukayakuta, matamu kama yametiwa sukari. Yule mtaalamu mkubwa alinivulia kofia. Nasikia sasa anasimulia ofisini kwao kama vile ni yeye aliyelala kifudifudi. Dunia ndivyo ilivyo, jembe analishika mmoja na jasho anajifuta mwingine.

Leo kanisani mchungaji ameniita tena mbele nitoe ushuhuda. Nilikataa, mara moja, kwa adabu. Kisha nikasimama. Unaujua mwenyewe, umeunyonya pamoja na maziwa ya mama yako: udongo uliponifunika, siku tisa bila chakula, na ile sauti siku ya tano, "Fundi, tulia. Nimekushika." Mke wa mchungaji alilia mpaka akaazima leso. Yule aliyemezwa na samaki alikaa siku tatu tu, tena kule ndani kuna joto na samaki mwenyewe ni kitoweo. Mimi tisa! Mji mzima wananiita Siku Tisa, hata kwenye kadi yangu ya zahanati wameandika hivyo.

Umeniambia kwamba mkwe wangu amehamishiwa shimo jipya hapo mgodini na wewe roho haitulii. Usiogope. Mweke mikononi mwa Mungu, uende ukapike. Sisi wachimba visima tuna sheria moja: aliyeshika kamba juu haiachii mpaka wa chini atoke. Hali, hanywi, haendi chooni. Basi Mungu ndiye aliyeshika kamba ya mumeo. Mimi ni shahidi, tena shahidi wa macho.

Msalimie. Mwambie akija likizo nitamfundisha kuisikiliza ardhi, hao wenye vyeti hawaijui.

Mjomba wako,
Siku Tisa


Alhamisi, 6 Machi

Shikamoo Mjomba,

Shimo jipya limebomoka jana asubuhi. Watu watatu walikuwa ndani. Wawili walitolewa jana hiyohiyo, mmoja mzima, mmoja amefunikwa shuka. Mume wangu hajaonekana.

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda changu langoni. Kazi yangu unaijua: kila anayeshuka ananiachia kibao chake cha bati chenye namba, nakitundika msumarini. Akipanda, namrudishia. Ndivyo tunavyojua nani yuko chini. Jana nilimtundikia mwenyewe. Arobaini na moja. Alinitania mbele ya foleni nzima, "Karani, usinipotezee, bati limeadimika siku hizi." Kibao bado kipo. Nimekitazama mpaka namba zinacheza.

Msimamizi ametuita. Si mtu mbaya. Amesema ukuta wa mashariki umepata ufa, na kila anayeshuka kumtafuta mwenzake anaweza akabaki hukohuko. Watachimba mpaka Jumamosi, siku ya nne. Baada ya hapo, anasema, hakuna mtu anayeweza kuwa hai kule, na shimo litafungwa kwa zege.

Nikasimama mbele ya wanaume wote wale. Nikasema, "Mjomba wangu alikaa siku tisa."

Wakageuka kunitazama. Kuna mzee mmoja, kiongozi wa wachimbaji, wanamwita Baba Nyundo. Akaniuliza, "Siku tisa, au umehesabu na sikukuu?" Nikamwambia tisa, nimekua na habari hiyo tangu nina miaka minane. Msimamizi akasema, "Lete maandishi yake."

Simu huku hazishiki, na nyonga yako naijua. Basi niandikie, Mjomba. Andika yote: ulivuta hewa ya wapi, ulikunywa nini, ulilalaje. Andika kama unawaambia wao. Dereva atakusubiri mpaka umalize.

Sijalala wala sijalia. Nimelishika neno lako tu, lile uliloambiwa kule chini.

Mpwa wako,
Karani wa Lango


Ijumaa, 7 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Dereva yuko nje anapiga honi. Nilianza karatasi nyingine kabla ya hii, nimeichana. Mwandiko haukukaa vizuri.

Haya, wasomee.

"Wanaume wenzangu. Anayewaandikia ni fundi wa visima, visima mia mbili na kumi na saba, na hakuna hata kimoja kilichotoka kikavu. Udongo ulinifunika nikiwa futi hamsini. Msimamizi wenu anasema mtu hamalizi siku nne. Msimamizi amesoma, namheshimu, lakini kitabu hakijawahi kufukiwa.

Hewa ipo. Ardhi inapumua kama ng'ombe aliyelala, inapitisha pumzi kwenye nyufa. Wewe vuta kidogokidogo kama mtu anayekunywa chai ya moto. Maji yapo. Ukuta unatoa jasho, nilikuwa naulamba asubuhi na jioni. Nilijuaje kama ni asubuhi? Kwa jogoo, nilimsikia akiwika kupitia udongo. Njaa nayo ikifika siku ya tatu inachoka yenyewe, inakwenda kutafuta mtu mwingine. Siku ya tano ndipo niliposikia sauti, 'Fundi, tulia. Nimekushika.' Kuanzia hapo nililala usingizi wa mtoto. Waliponifikia siku ya tisa niliwaambia, 'Mbona mmekuja mapema?'

Basi msimwache mwenzenu. Aliyeshika kamba haiachii."

Mpwa, ningekuja mwenyewe, lakini nyonga leo imekaza kabisa, hata kuvaa kiatu ni vita. Nawaombea. Naomba kweli, si kwa mdomo tu.

Mjomba wako,
Siku Tisa


Jumapili, 9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mungu akubariki. Niliisoma barua yako nimepanda juu ya pipa ili wote wasikie. Nilipofika kwenye "mbona mmekuja mapema" walicheka, Mjomba, watu ambao hawajacheka tangu Jumatano. Baba Nyundo akamgeukia msimamizi. "Bosi, huyu mzee amelamba ukuta siku tisa. Na sisi tupe siku tisa."

Msimamizi akakuna kichwa. Akasema yeye hamtumi mtu, lakini anayeshuka kwa hiari yake atie saini. Kumi na wanne wametia saini. Baba Nyundo alikuwa wa kwanza. Hajui kuandika, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakiinua watu wakione. "Hiki ndicho cheti changu cha chuo kikuu." Tumepewa mpaka Alhamisi.

Sasa kila asubuhi natundika vibao kumi na vinne pembeni ya kile cha arobaini na moja, na kila jioni narudisha kumi na vinne. Cha Baba Nyundo ni kumi na saba. Kila akinipa ananiambia, "Nakwenda kumwamsha huyo mvivu wako."

Jana mmoja wao alisikia chuma kinagongwa, mara tatu. Wakazima mashine, wakanyamaza wote. Hakikurudia. Msimamizi anasema ni bomba lilikuwa linapoa. Mimi nasema ni yeye.

Leo ni siku ya tano. Ndiyo siku yako. Tangu alfajiri najiuliza kama ameshaisikia sauti. Ilikuja saa ngapi, Mjomba? Kabla ya jogoo au baada? Nataka nijue ni saa ngapi niache kuogopa.

Na jambo jingine, dogo. Nimemkumbuka marehemu mama. Kila ulipoanza kusimulia habari ya kisima, alikuwa anainuka anakwenda jikoni, hata kama jiko limeshazimwa. Sijui kwa nini limenijia leo. Kwani alikuwa anaondokea nini?

Mpwa wako,
Karani


Jumatatu, 10 Machi

Mpwa wangu,

Barua hii usiisome juu ya pipa. Kaa chini.

Hazikuwa siku tisa.

Nilitaka kukuandikia kwamba zilikuwa saba. Mkono ulishaanza herufi ya kwanza. Halafu nikasema labda tatu, tatu nazo zina heshima yake. Unaona nilivyo? Hata kutubu napatana kama niko sokoni.

Ilikuwa mchana mmoja. Nilifukiwa baada ya chai ya asubuhi, nikatolewa jua halijazama. Ubao wa kuzuia ukuta uliniangukia kimshazari, ukaacha nafasi ya kichwa na bega, na hewa niliyovuta ndiyo hiyo iliyobaki chini ya ubao. Ardhi haipumui, mpwa wangu. Ardhi inakaba. Sikulamba ukuta, nilijikojolea. Jogoo hakuwepo. Na waliponitoa sikusema "mbona mmekuja mapema." Nilikuwa namwita mama yangu, ambaye tulishamzika miaka sita nyuma.

Na sauti. Hapa kalamu inakuwa nzito. Hakuna sauti. Niliita, "Bwana, Bwana," mpaka nikala mchanga. Kimya. Kimya ambacho sijawahi kukutana nacho kabla wala baada. Kufa nilikuogopa, ndiyo, lakini kile kimya nilikiogopa zaidi. Watu waliponizunguka wakauliza, "Mungu alikuambia nini huko chini?" nikaona aibu, kama mtu aliyekwenda kwa mkubwa akakuta mlango umefungwa na sasa majirani wanamuuliza amekula nini huko. Nikasema aliniambia nitulie. Wakapiga makofi. Mwaka uliofuata mchana ule ukawa siku tatu. Ulipoingia darasa la saba zilikuwa tano. Siku ya harusi yako nikazifanya tisa kwa sababu wageni walikuwa wengi; waliojua hesabu walinistahi, na wewe uliyezoea kuniamini ukaichukua ya mwisho.

Na nyonga haina kitu. Tangu siku ile sijashuka kisimani hata mara moja. Miaka kumi na tisa nasimama juu natoa amri, vibarua wangu wanajua na wananistahi. Sikuja kwako kwa sababu ningefika hapo wangeniambia, "Mzee, wewe ndiye mzoefu, tangulia."

Mama yako aliijua kweli yote. Ndiyo maana jikoni.

Sasa mpe msimamizi karatasi hii. Leo hii. Wale kumi na wanne wapande. Ufa hausikilizi ushuhuda. Ninajua ninachokuambia, mpwa wangu, ninakuambia mkwe wangu amekufa. Nimetafuta neno la kulizunguka hilo, mimi ambaye sijawahi kukosa neno. Sijalipata.

Mjomba wako


Jumatano, 12 Machi

Mpwa wangu,

Nimemsubiri dereva barabarani tangu jana. Anasema barua alikutia mkononi Jumatatu jioni na ukaifungua mbele yake. Lakini anasema pia kwamba leo asubuhi alipoondoka huko, mashine zilikuwa zinanguruma na watu wako foleni langoni kwako wanatoa vibao.

Labda hukuimaliza. Mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Basi narudia kwa kifupi: mchana mmoja. Ubao. Hakuna sauti. Wapandishe watu.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mjomba wako


Ijumaa, 14 Machi

Mjomba,

Niliisoma yote. Mwandiko wako unasomeka vizuri sana.

Niliisoma, nikaikunja mara nne, nikaichomeka nyuma ya ubao wa misumari, pale unapoachana na ukuta. Msimamizi alipita akaniuliza, "Mjomba anasemaje?" Nikamwambia, "Anawasalimu." Jumanne asubuhi nikatundika vibao kumi na vinne. Nilijiambia zimebaki siku mbili tu. Nilijiambia Mungu hakusema na Mjomba, lakini anaweza kusema na mume wangu, Mungu si mali ya Mjomba. Nilijiambia na lile la chuma kugongwa mara tatu. Uongo wa ukoo wetu kumbe na mimi ninao, wangu tu haupigi kelele.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, ukuta wa mashariki ulishuka. Kumi na watatu walikimbia. Baba Nyundo alikuwa mbele kabisa, kwa sababu alisema anataka yeye ndiye awe wa kuulizwa na mume wangu "mbona mmekuja mapema." Walimfikia saa kumi na moja jioni. Alikuwa ameshakufa.

Jana, siku ya tisa, hakuna aliyeshuka. Leo wamemimina zege. Nilisimama nikatazama mpaka mwisho. Linamwagika polepole kama uji uliopoa, halafu mtu mmoja analisawazisha kwa ubao mrefu. Alikuwa anapiga mluzi. Simlaumu, ni kazi yake.

Mchungaji wa hapa alikuja kibandani. Akaniambia nimtumaini Mungu. Nikamuuliza, yupi? Hakunielewa. Wewe utanielewa. Mungu niliyekuwa namjua mimi ni yule wa ndani ya kisima chako. Siku ninabatizwa nilikuwa namfikiria yeye. Mama alipofariki nilijisemea yale maneno, tulia, nimekushika, nikatulia kweli. Sina mwingine, Mjomba. Ulinipa mmoja tu, na umekuja kumchukua kwa barua.

Mke wa Baba Nyundo hajui. Kwenye mazishi alinishika mkono akasema, "Pole mwanangu, tumefiwa pamoja." Nikamwitikia. Niliitikia, Mjomba, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kibao cha kumi na saba kiko msumarini, pembeni ya arobaini na moja.

Usije.

Karani


Jumapili, 16 Machi

Mpwa wangu,

Umesema nisije. Nakuja. Dereva ameniwekea nafasi Alhamisi. Kwako nitapita tu ukinifungulia, usiponifungulia nitaelewa. Ninakwenda kwa mjane. Uongo huu ni mwanangu, nimemzaa mimi. Wewe ulimlea siku mbili tu, usijifanye mama yake.

Leo kanisani niliomba nafasi mwenyewe. Nikasimama, nikasema ilikuwa mchana mmoja, sikusikia sauti, na mtu amekufa kwa kuniamini. Unajua walifanya nini? Walicheka. Walidhani nimebuni namna mpya ya kuianza hadithi, wakawa wananingoja nifike patamu. Nilipokaa wakapiga makofi. Mchungaji akasema, "Mnamwona ndugu yetu alivyo mnyenyekevu?" Kweli moja niliyowahi kuisema mle ndani imetupwa kapu moja na zile nyingine. Nimevuna nilichopanda, na mavuno ni mengi.

Sitakuambia umtumaini Mungu. Neno hilo nimeshalichafua kwa mdomo wangu. Nitakuambia kitu kimoja, sijakiongezea chumvi, kipime mwenyewe.

Siku ile aliyeshika kamba yangu alikuwa mama yako. Kibarua hakuja kazini, nikamwomba dada. Wewe ulikuwa shuleni. Udongo uliposhuka, kamba ilifukiwa. Ukiivuta haisogei, na ukiitikisa hakuna wa kuitikisa upande wa pili. Wanaume wakaja na majembe, wakamwambia, "Mama, achia, hakuna kitu huko." Hakuachia. Alilala kifudifudi kwenye ukingo, kamba ameizungusha kiganjani, jua lote la mchana ule likiwa mgongoni kwake. Walipoitoa mkononi, ilitoka na ngozi. Lile kovu ulilokuwa unamuuliza, yeye anakuambia ni sufuria ya moto, si sufuria.

Waliponifikia, kamba ilikuwa ndani ya udongo karibu na kichwa changu. Ningeweza kuigusa kama ningekuwa na mkono usiobanwa. Sikujua. Wakati wote ule ninaita na kusikia kimya, ilikuwa hapo, na juu yake kulikuwa na mtu.

Kila niliposimulia nilimtoa dada yangu, nikaweka sauti. Sauti inanoga zaidi. Siku moja nilimfuata hukohuko jikoni nikamuuliza, "Dada, umenikasirikia?" Akasema, "Hapana. Ila mimi siku ile sikusema kitu. Nilishika tu." Akaendelea kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Je, Mungu yuko hivyo? Sijui. Niliishia darasa la nne. Mumeo amekufa na Baba Nyundo amekufa, kamba iwepo isiwepo, na mimi niliyestahili zaidi kubaki chini ndiye ninayekunywa chai. Siwezi kukuambia kulikuwa na mtu ameshika upande wa juu wa mumeo. Na siwezi kukuambia hakuwepo, kwa sababu mimi nilikuwa chini kule na sikujua. Ninachokijua kinaishia hapo. Ni padogo, hata mkeka hautoshi kutandikwa.

Mjomba wako


Jumatano, 19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeipata. Sikukusubiri. Jana nilikwenda kwa mjane nikamsomea ile ya tarehe kumi, yote, hadi pale pa kujikojolea. Alikuwa anakunja nguo za marehemu. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Ilikufikia lini?" Nikamwambia Jumatatu. Akahesabu kwa vidole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hakunitukana. Akamaliza kukunja shati alilokuwa nalo, akaliweka juu ya mengine, akanifungulia mlango nitoke. Nadhani hatanifungulia tena niingie.

Wewe nenda kajaribu. Nyumba ya tatu baada ya karakana, mlango wa bluu. Lakini habari ya kamba usimwambie. Kwake ni mapema, na inawezekana itakuwa mapema siku zote.

Mimi ukija nitakufungulia. Sijakusamehe, ila sina mwingine wa kukaa naye ambaye sihitaji kumweleza.

Msimamizi aliniambia mara mbili niondoe vibao viwili, maana kuna watu wapya na misumari inahitajika. Cha kumi na saba nilikiacha kwa mjane, juu ya meza, hakukigusa. Cha arobaini na moja nimekitoa leo asubuhi. Msumari wake umepewa mtu mwingine, mchangamfu, anaimba akiwa kwenye foleni.

Kuomba bado siwezi. Nafungua mdomo, sijui nimwite nani. Kibao sikukitia mfukoni wala sandukuni. Kiko kwenye kiganja cha kushoto tangu saa mbili asubuhi na sasa ni saa tisa, kimeshapata joto. Karatasi haina mkono wa kuizuia, ndiyo maana unaona mistari imepinda.

Sisemi kitu, Mjomba. Nimeshika tu.

Mpwa wako